Namna ya kuchunguza madai ya wizi wa kura, kuanzia kituoni hadi mahakamani

Mtu akisema "kura zimeibwa", bado hajasema jambo linaloweza kuchunguzwa. Linalochunguzika ni hili: katika kituo fulani, chenye namba fulani, nakala ya fomu ya matokeo aliyopewa wakala wa chama inaonyesha mgombea wa kwanza amepata kura 112, na fomu iliyofika kwenye majumuisho inaonyesha 212. Hapo kuna mahali, kuna hati mbili, kuna tofauti ya kura 100, na kuna watu wanaoweza kuitwa wakaeleza. Kazi yote ya uchunguzi ni kulitoa dai katika hali ya kwanza na kulifikisha katika hali ya pili, kisha kuona kama likifika huko bado linasimama.

Kwa hiyo kila dai linapopokelewa, liulizwe maswali manne: wapi, lini, nani aliona kwa macho yake, na kura ngapi zimeguswa. Hilo la nne ndilo husahaulika zaidi, na ndilo jaji huuliza mapema. Dai lisilo na idadi, hata ya makadirio, hupata shida kusimama mbele ya mwanya wa kura laki mbili kati ya mshindi na aliyeshindwa.

Tenganisha aina za udanganyifu

Kila aina huacha alama yake mahali pake. Wapiga kura hewa hutafutwa kwenye daftari la wapiga kura. Kujazia masanduku huonekana kwenye ulinganisho wa karatasi za kura na alama za waliopiga. Kubadilisha matokeo huonekana kati ya fomu ya kituo na jedwali la majumuisho. Rushwa na vitisho haviachi alama kwenye fomu hata kidogo; hivyo huhitaji mashahidi, ujumbe wa simu, na rekodi za malipo. Anayechanganya yote katika lalamiko moja hujikuta analeta ushahidi wa aina moja kuthibitisha kosa la aina nyingine.

Kwenye daftari kuna mtego mmoja unaonasa wengi. Mtu hulinganisha daftari na orodha ya marehemu kwa jina na tarehe ya kuzaliwa, anapata maelfu yanayofanana, na kesho yake ni habari kubwa. Lakini katika orodha ya mamilioni, watu wengi tofauti huwa na jina moja na tarehe moja ya kuzaliwa. Tatizo ni kubwa zaidi pale ambapo asiyejua tarehe yake huandikiwa tarehe 1 Januari. Linganisha pia namba ya kitambulisho na makazi, na juu ya yote angalia kama jina hilo limewekewa alama ya kupiga kura. Jina la marehemu kubaki kwenye daftari ni uzembe wa kulisafisha. Jina hilo kuwekewa alama siku ya uchaguzi ndilo jambo la kufuatilia.

Saa 72 za kwanza

Ushahidi mzuri hukusanywa kabla mtu hajajua kama atauhitaji. Wakala wa chama aondoke kituoni na nakala ya fomu iliyosainiwa na kugongwa muhuri. Asipopewa, aandike hapo hapo kwamba ameomba na amenyimwa, saa ngapi, na nani aliyemnyima. Akiona kosa, aandike pingamizi kwenye sehemu ya maoni ya fomu kabla ya kusaini. Wakala aliyesaini bila neno, kisha akaja mahakamani kusema zoezi zima lilikuwa la ovyo, atabanwa vikali na mawakili wa upande wa pili, na hatakuwa na jibu zuri.

Picha ya fomu ipigwe ikiwa imetandazwa, pembe zote nne zionekane, pamoja na jina na namba ya kituo, namba ya fomu, saini na muhuri. Kisha ipigwe ya pili kwa karibu kwenye sehemu ya takwimu. Picha hiyo isitumwe WhatsApp kama picha ya kawaida, kwa sababu programu huibana na kuondoa taarifa za ndani za faili, yaani saa na kifaa kilichotumika. Itumwe kama hati, na faili la asili libaki kwenye simu bila kuguswa. Wenye timu ya teknolojia huzalisha hashi ya kila faili, yaani msimbo mfupi unaokokotolewa kutokana na yaliyomo kwenye faili (SHA-256 inatosha), siku hiyo hiyo na kuiandika kwenye rejista. Likibadilishwa baadaye hata kwa nukta moja, hashi haitalingana.

Rejista hiyo pia ioneshe kila hati imepitia mikono ya nani: aliyeipokea, kutoka kwa nani, tarehe, saa, saini. Hati isiyojulikana ilikotoka huweza kukataliwa mahakamani hata kama yaliyomo ni kweli tupu. Mashahidi nao waandikiwe maelezo mapema, kila mmoja peke yake, kwa maneno yake. Hati za kiapo 30 zenye aya zile zile neno kwa neno huonyesha mkono wa mwandishi mmoja, na mahakama huzipa uzito mdogo.

Hesabu ya kituo

Hapa ndipo penye utajiri wa kweli, na inasikitisha kwamba wengi hukimbilia seva kabla ya kufanya hesabu hii rahisi ya karatasi. Chukua kituo kimoja, kwa mfano tu. Kilipokea karatasi 500 za kura. Mwisho wa siku zimebaki 141 ambazo hazijatumika, na 4 zimeharibika na kubadilishwa kabla ya kutumbukizwa. Ndani ya sanduku zinapaswa kuwa 500 kutoa 141 kutoa 4, yaani 355. Alama za waliopiga kwenye daftari nazo ziwe 355.

Sasa sanduku linafunguliwa na kukutwa kura 391. Kuna 36 za ziada, na swali ni zimetoka wapi. Ikiwa zilizobaki ni kweli 141, basi hizo 36 zimeletwa kutoka nje ya kituo: angalia namba za mfululizo, aina ya karatasi, na muhuri wa kituo kama sheria inautaka. Lakini ikiwa zilizobaki ni 105, hesabu ya karatasi inafunga vizuri kabisa (500 kutoa 105 kutoa 4 ni 391) na tatizo linaonekana kwenye daftari peke yake, ambako alama bado ni 355. Hiyo ina maana kuna mtu ndani ya kituo aliyechana karatasi kutoka kwenye vitabu vya kituo hicho hicho bila mpiga kura mbele yake. Ulinganisho mmoja bila mwingine ungemwacha apite. Wachunguzi wazoefu huongeza wa tatu: idadi ya watu waliotambuliwa na mashine ya alama za vidole, kama inatumika, pamoja na saa ya kila utambuzi. Ukikuta watu 40 wametambuliwa ndani ya dakika 5 kwenye mashine moja, una swali zito la kumuuliza msimamizi wa kituo.

Pungufu pia lina maana yake. Sanduku likiwa na kura 352 badala ya 355, kabla ya kusema zimeibwa, fungua masanduku ya chaguzi nyingine zilizofanyika siku hiyo. Mpiga kura aliyepewa karatasi tatu au zaidi huweza kuitumbukiza moja kwenye sanduku lisilo lake. Sababu isiyo na hatia ijaribiwe kwanza kila mara. Ikishindwa kueleza tofauti, dai lako linakuwa na nguvu maradufu.

Kutoka kituoni hadi kwenye majumuisho

Panga fomu zote za vituo kwenye jedwali: safu moja kwa nakala ya wakala, ya pili kwa fomu iliyowasilishwa tume, ya tatu kwa takwimu iliyoingizwa kwenye jumla. Watu wawili waingize takwimu bila kuonana, kisha majedwali yalinganishwe; bila hivyo, makosa yenu wenyewe yataonekana kama wizi wa mwingine.

Tofauti zitakuwepo tu. Makarani waliokesha wakihesabu kwa taa ya betri huandika 81 badala ya 18. Angalia zimeelemea upande gani. Makosa ya uchovu huwaumiza na kuwanufaisha wagombea wote kwa bahati. Makosa yanayomnufaisha mgombea mmoja kituo baada ya kituo si uchovu. Angalia pia mwandiko: fomu za vituo vilivyo mbali mbali zikiwa na mwandiko mmoja na kalamu moja, mtu aliketi mahali pamoja akaziandika.

Malawi ni mfano wa kusomwa kwa makini. Katika uchaguzi wa Mei 2019, fomu nyingi za matokeo zilikutwa zimefutwa kwa wino mweupe na kuandikwa upya. Tume haikuwa imeruhusu kifaa hicho. Tarehe 3 Februari 2020, majaji watano wa Mahakama ya Katiba walibatilisha uchaguzi wa rais, Mahakama ya Juu ya Rufani ikakubaliana nao Mei, na katika uchaguzi wa marudio wa tarehe 23 Juni 2020 Lazarus Chakwera akashinda. Walalamikaji walifika huko kwa kuonyesha fomu moja moja, na kuonyesha kwamba waliopaswa kusimamia marekebisho hayo hawakuyasimamia.

Takwimu huonyesha pa kuchimba, basi

Grafu za matokeo husambaa haraka kuliko fomu, kwa hiyo lazima tuzijue mipaka yake. Kanuni ya Benford husema katika takwimu nyingi tarakimu ya kwanza huwa 1 kwa takriban asilimia 30. Lakini inahitaji namba zilizotawanyika kuanzia makumi hadi maelfu na zaidi. Vituo vya kura huwekewa ukomo wa wapiga kura. Kama kila kituo kina watu 500 hadi 700 na mgombea anapata nusu yake, tarakimu ya kwanza itakuwa 2 au 3 karibu kila mahali. Matokeo safi kabisa yataonekana "yameshindwa mtihani". Usiipeleke mahakamani.

Vipimo vyenye manufaa ni vingine. Angalia vituo vyenye mahudhurio ya asilimia 100 au zaidi, ila ondoa kwanza vidogo vya hospitali na magereza. Angalia kama asilimia zimerundikana kwenye namba za kupendeza kama 75, 80, 85: mrundikano huo katika vituo vikubwa hudokeza kwamba asilimia iliamuliwa kwanza, kura zikahesabiwa baadaye. Linganisha kituo na jirani yake na historia yake mwenyewe.

Baada ya hapo, shuka chini ukatafute watu. Katika jimbo la 9 la bunge huko North Carolina, Marekani, mwaka 2018, kura za posta katika kaunti moja zilionyesha sura isiyo ya kawaida. Takwimu hizo peke yake hazikubatilisha chochote. Wachunguzi walikwenda kwa watu waliolipwa kukusanya kura hizo, nao wakaeleza chini ya kiapo jinsi walivyozichukua majumbani na kusaini ushahidi wa uongo. Mwanya ulikuwa kura 905. Bodi ya uchaguzi ya North Carolina ikaamuru uchaguzi mpya Februari 2019.

Mifumo ya kompyuta

Omba vitu vinavyotajika kwa jina: kumbukumbu za mfumo za kuanzia saa fulani hadi saa fulani, orodha ya akaunti zenye ruhusa ya kubadilisha matokeo, na picha za fomu zilizopokelewa pamoja na saa zake. "Tunataka seva ifunguliwe" ni ombi linalokataliwa kirahisi kwa hoja ya usalama. Ukiruhusiwa, mtaalamu wa mahakama atengeneze nakala ya kusoma tu, na pande zote zifanyie kazi nakala ile ile.

Kenya imetoa somo la pande mbili. Mwaka 2017, katika kesi ya kupinga uchaguzi wa rais, Mahakama ya Juu iliamuru walalamikaji wapewe nafasi ya kukagua seva, tume haikutekeleza ipasavyo, na mahakama ikalichukulia hilo dhidi ya tume. Matokeo pia yalikuwa yametangazwa kabla fomu zote za vituo hazijafika. Tarehe 1 Septemba 2017, kwa majaji wanne dhidi ya wawili, uchaguzi ule ukabatilishwa. Mwaka 2022, ililetwa hoja kwamba fomu zilidukuliwa zikiwa njiani. Fomu za tovuti ya tume zikalinganishwa na za karatasi chini ya usimamizi wa msajili wa mahakama, zikalingana, na masanduku ya vituo 15 yakafunguliwa na kuhesabiwa. Kumbukumbu za mfumo zilizoletwa kama ushahidi hazikuaminika, na tarehe 5 Septemba 2022 majaji wote walitupa madai hayo. Ushahidi wa kubuni humzika aliyeuleta, na hoja zake nyingine huzikwa nao.

Milango mitatu, saa tofauti

Mlango wa kwanza ni tume ya uchaguzi au kamati yake ya maadili. Huo ni wa makosa yanayoweza kurekebishwa kabla ya matokeo kutangazwa, kama hesabu iliyokosewa au wakala aliyefukuzwa. Lalamiko liwe la maandishi, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, kwa kuwa mahakama huuliza kama ulilalamika mapema.

Wa pili ni polisi na mwendesha mashtaka, kwa makosa ya jinai: rushwa, vitisho, kughushi. Huko anaadhibiwa mtu, na lazima kosa lithibitishwe pasipo shaka ya maana. Hukumu ya jinai kwa kawaida haibadilishi matokeo.

Wa tatu ni kesi ya kupinga matokeo, na kwa kawaida huo ndio unaobatilisha uchaguzi. Muda wake ni mfupi na haurefushwi. Kenya, kesi ya urais hufunguliwa ndani ya siku 7 baada ya matokeo kutangazwa na kuamuliwa ndani ya siku 14 tangu ifunguliwe. Kesi za viti vingine hufunguliwa ndani ya siku 28 na kuamuliwa ndani ya miezi 6. Nchi nyingine huhesabu kwa namna nyingine, kwa hiyo soma sheria ya uchaguzi husika kabla ya siku ya kura, pamoja na kanuni za namna ya kuwapa hati walalamikiwa na dhamana ya gharama. Kesi nyingi zenye hoja nzito zimeanguka kwa sababu dhamana ilichelewa kulipwa au mlalamikiwa hakupewa hati kwa wakati. Inauma kuona fomu zilizokusanywa kwa jasho zikirudi kwenye boksi bila kusomwa.

Si lazima mlalamikaji awe mgombea. Tower Hamlets, London, wapiga kura wanne walifungua kesi iliyobatilisha, Aprili 2015, uchaguzi wa meya uliofanyika 2014.

Mahakama hupima nini

Mzigo wa kuthibitisha huanza kwa mlalamikaji. Kiwango hutofautiana, mahakama za Kenya, kwa mfano, hutaka zaidi ya kile cha kesi za madai za kawaida, ila si kikali kama cha jinai, isipokuwa pale panapodaiwa kosa la jinai.

Kisha huja swali kubwa: je, kasoro ziliathiri matokeo? Uganda, katika kesi za urais za mwaka 2001 na tena 2006, majaji walikubali kwamba sheria ilivunjwa, lakini walio wengi (3 kwa 2, kisha 4 kwa 3) walisema haikuthibitika kwamba matokeo yaliathirika kwa kiasi kikubwa. Austria, katika duru ya pili ya uchaguzi wa rais mwaka 2016, mwanya ulikuwa kura 30,863, na kura za posta zilizoshughulikiwa kinyume cha utaratibu zilikuwa 77,926. Hakuna aliyethibitisha kura hata moja imeibwa. Lakini kwa kuwa kura zilizoguswa zilizidi mwanya, Mahakama ya Katiba iliamuru duru hiyo irudiwe. Kenya 2017 walikwenda mbali zaidi: uchaguzi uliokiuka misingi ya katiba huweza kubatilishwa bila kuthibitisha idadi ya kura. Mlalamikaji mwenye busara hutayarisha njia zote mbili, hesabu na misingi, na hategemei moja.

Kuhesabu upya

Mahakama haifungui masanduku kwa sababu tu umeomba. Taja vituo na sababu ya kila kimoja. Orodha ya vituo 40 vyenye tofauti ya fomu hukubaliwa kirahisi kuliko ombi la nchi nzima.

Siku ya zoezi, usikimbilie kuhesabu. Kwanza soma namba ya kila lakiri na uilinganishe na iliyoandikwa kwenye fomu usiku wa uchaguzi. Piga picha. Lakiri isiyolingana au iliyovunjika iandikwe kabla sanduku halijaguswa. Kisha hesabu vishina vya vitabu vya kura, karatasi zisizotumika, zilizoharibika, na daftari lenye alama. Baada ya hapo ndipo kura zitolewe, zihesabiwe kwa marundo ya 25 au 50, kila kura ikionyeshwa kwa wawakilishi wa pande zote. Kura zilizokataliwa zipitiwe moja moja. Katika mbio za mwanya mdogo, hapo ndipo mshindi huweza kubadilika.

Kuhesabu upya huweza kugundua kosa la kweli bila kubadilisha mshindi. Georgia, Marekani, katika uchaguzi wa rais wa 2020, karibu kura milioni 5 zilihesabiwa upya kwa mkono. Katika kaunti ya Floyd zilipatikana kura zipatazo 2,600 ambazo hazikuwa zimehesabiwa, zikajumlishwa, na mshindi akabaki yule yule.

Baada ya hukumu

Mahakama huweza kutupa kesi, kusahihisha takwimu, kumtangaza mwingine kuwa mshindi, au kuamuru uchaguzi urudiwe, wote au sehemu. Ikiamuru marudio, soma sababu za hukumu aya kwa aya na uitake tume ieleze kwa maandishi imerekebisha nini katika kila moja: fomu mpya, mafunzo ya makarani, njia ya kutuma matokeo. Muda ni mfupi. Kenya, uchaguzi wa rais uliobatilishwa hurudiwa ndani ya siku 60.

Mashtaka ya jinai huendelea kwa mwendo wake hata kesi ya matokeo ikiisha. Karatasi za kura hutunzwa kwa muda maalumu tu, miezi 22 kwa chaguzi za shirikisho Marekani, kisha huteketezwa kihalali. Kama kuna mtuhumiwa ambaye hajafikishwa mahakamani, ombi la kuzuia uteketezaji lipelekwe kabla muda huo haujaisha, likitaja vituo na masanduku kwa namba zake.